Mswada wa Watu Kumi

Chama cha Udugu cha Parramatta, magharibi mwa Sydney, hakikuwa na watu wa kujaza hata ukumbi wa shule, lakini kilikuwa na mabaraza mawili ya kutunga sheria, kama nchi. Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Gitonga. Kabla ya kumfuata binti yake Sydney, mzee huyu alikuwa karani katika Bunge la Nairobi, na ingawa yeye alitoka Bungeni, Bunge halikumtoka. Alipochaguliwa mwenyekiti aliona haya kuongoza kikundi cha kuazimana sufuria na viti. Akakigawa. Baraza la Wanachama likawa la kila mtu. Baraza la Wazee likawa nusu Wakenya, nusu Wakongomani, ili upande mmoja usiumeze mwingine. Mswada ukipita pande zote mbili kwa maneno yaleyale, unakuwa sheria. Ukipita kwa maneno tofauti, inakaa kamati ya upatanisho.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kawira, ambaye ulimi wake haukuwa na pazia, aliuliza hadharani kama watachagua na spika wa kugawa chapati.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa korona, na kicheko kikapungua. Mwaka 2021, katikati ya majira ya baridi, serikali ilifunga mji mzima, na upande wa magharibi, wanakoishi watu wa zamu na watu wa maghala, ikaufunga kwa hasira zaidi. Polisi barabarani, helikopta juu ya mapaa, askari jeshi wakigonga milango. Na katika mazishi, watu wasizidi kumi.

Kumi. Kwa watu ambao kwao maziko ya mia mbili ni maziko ya upweke, kumi lilikuwa kofi la uso. Mama yake Mwangi, mwanachama mmoja, alipofariki, binamu waligombania zile nafasi kwa simu usiku kucha, na tangu siku hiyo hawasalimiani. Chama kikaamua kutunga sheria: mtu akifa, nani anaingia katika kumi?

Kawira alikuwa na sababu yake ya kuitaka sheria hiyo, na kila mtu aliijua. Salvator, mwanamume aliyeishi naye mtaa wa Toongabbie miaka kumi na mmoja, alikuwa hospitalini, na ini lake lilikuwa limekwisha. Hawakuwahi kufunga ndoa. Mke wa kwanza wa Salvator alipotea katika vita vya Kongo, njiani kutoka Uvira, bila kaburi wala habari. Tangu mwanzo Salvator alimwambia Kawira kwamba hawezi kuapa mbele ya madhabahu huku hajui kama yule mwingine yu hai. Kawira, binti wa Meru aliyelelewa na walokole, alifikiri wiki nzima, akamjibu kwamba kiapo atakiona kwa matendo. Alikiona. Mwanamume yule alikuwa akirudi kutoka ghala alfajiri, na kabla hajavua viatu anamchemshia chai mwenzake anayekwenda zamu ya asubuhi katika nyumba ya wazee. Kuna wenye vyeti vya ndoa vilivyowekewa fremu ukutani ambao hawajawahi kuchemshiwa hata maji.

Ndiyo maana kifungu cha kwanza cha mswada Kawira alikiandika mwenyewe: nafasi ya kwanza ni ya yule aliyekuwa akiishi na marehemu kama mume au mke wake. Baraza la Wanachama likakipitisha. Baraza la Wazee nalo likakipitisha neno kwa neno, bila kugusa hata nukta. Kawira alipumua. Alijua kwamba siku ikifika, hakuna atakayemsukuma kando.

Mabaraza yalitofautiana kwenye nafasi tisa zilizobaki. Wanachama walitaka mbili ziende kwa waimbaji, kwa sababu Cécile, mama wa Bukavu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliwashikilia mpaka wakakubali. Wazee waliwafuta waimbaji, wakaweka nafasi ya mwenyekiti wa chama. Basi kamati ikaundwa. Kutoka kwa Wanachama walitoka Kawira na Cécile. Kutoka kwa Wazee alitoka Mzee Gitonga mwenyewe, pamoja na Lazare, mzee wa kanisa na mdogo wake Salvator, tumbo moja.

Walikutana Jumamosi mchana kwa Zoom, kila mmoja jikoni kwake. Mzee Gitonga alivaa tai.

"Wajumbe," alianza, "kamati ya upatanisho ni kama ndugu wawili wanaogawana shamba. Mnabishania mpaka tu. Nyumba zilizokwisha kujengwa haziguswi. Mabaraza yalipokubaliana, sisi hatuna mdomo. Tuko hapa kwa yale wasiyokubaliana."

"Vizuri," Kawira akasema. "Tuanze na mpaka."

Wakaanza. Lazare alisema nyimbo zinaweza kuchezwa kwa simu.

"Simu haililiake muntu," Cécile akamjibu. "Kwetu muntu hazikwake kimya kama mbwa. Weye Lazare unajua, mais unajifanya Muzungu."

"Na hiyo nafasi ya mwenyekiti," Kawira akaongeza. "Mzee, ni chama kinataka kuwepo ama ni wewe?"

"Mimi ni chama," Mzee Gitonga akasema, na hakuwa anatania.

Walivutana hivyo, wakipeana hapa na kunyimana pale, na ilipofika saa ya chai waimbaji walikuwa wanaelekea kupata nafasi moja, na mwenyekiti bado ameng'ang'ania yake. Hapo simu ya Kawira ikalia. Ilikuwa hospitali. Akaomba radhi, akazima sauti, akatoka hadi uani penye kamba ya nguo.

Daktari alizungumza polepole, kama wanavyozungumza wakiwa na habari mbaya. Alisema ni suala la siku chache. Alisema mtu mmoja ataruhusiwa kuingia kesho kwa saa moja, avae gauni na barakoa, na kwenye faili mwenzi aliyeandikwa ni Kawira, je, atakuja? Kawira alisema atakuja. Akabaki uani ameshika soksi ya Salvator iliyokuwa haijakauka. Hakulia. Alikuwa na kikao.

Aliporudi kwenye kioo aliwakuta wenzake watatu kimya, kimya cha watu waliomaliza kuzungumza.

"Tumepatana," Mzee Gitonga akasema. "Nasoma ripoti. Waimbaji, nafasi mbili. Mwenyekiti, nafasi moja. Pasta, nafasi moja. Jamaa wa damu, nafasi tano. Na nafasi ya kwanza ni ya mume au mke wa ndoa iliyofungwa."

"Rudia hapo mwisho."

Akarudia. Kawira alihisi masikio yakiwaka moto.

"Hayo maneno yametoka wapi? Baraza gani limeyasema?"

"Tumefafanua tu. Mume au mke ni nani? Sheria lazima iwe wazi."

"Mzee, hujafafanua. Umejenga nyumba katikati ya shamba la watu. Sasa hivi umetuambia palipokubaliwa hatuna mdomo. Mabaraza yote mawili yalisema aliyekuwa akiishi naye. Yalisema kitu kimoja. That's not on the table."

Mzee Gitonga alikohoa, akaweka tai sawa. Alijua. Mtu aliyekula mshahara wa Bunge miaka yote ile hawezi kuvunja kanuni kwa bahati mbaya.

"Mama Kawira," Lazare akaingilia kwa sauti yake ya ibada, "si roho mbaya. Pasta atakuwa pale. Nitamwambia nini? Si mimi, ni sheria."

"Sheria umeiandika mimi nikiwa uani, Lazare. Wino bado mbichi."

Kisha akamtazama Cécile. Cécile alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa tu kinaonekana. Kawira akaelewa waimbaji walivyopanda ghafla kutoka mmoja hadi wawili. Ndivyo kamati zinavyopatanisha: unapewa unachokitaka, halafu unaombwa kutazama pembeni.

"Cécile, wewe pia?"

"Ma sœur, balinipa baimbaji wawili," Cécile akasema bila kuinua uso. "Tangu lini ile baraza ya bazee inatupatiaka kitu?"

Wakapiga kura. Watatu kwa mmoja.

Jioni hiyo Mzee Gitonga alimpigia simu, kwa upole wote wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Kawira, mwanangu, usiharibu. Ripoti ya upatanisho haibadilishwi, unajua. Baraza linasema ndiyo kwa yote au hapana kwa yote. Ukiiangusha, hakuna sheria kabisa. Na pasipo sheria kuna desturi, na desturi inasema ndugu wa damu ndiye anayezika. Utakosa hata hicho unachotaka kukiokoa. Wacha ipite, mwezi ujao ulete marekebisho."

"Mwezi ujao," Kawira akasema. "Salvator nimwambie angojee mwezi ujao?"

Akakata simu. Kwa hasira akamwaga chumvi kwenye sufuria ya uji, akanywa hivyohivyo.

Uchungu ni kwamba serikali ya Australia, ile iliyowafungia majumbani, ilimtambua. Kwenye hati zao zote alikuwa mwenzi wa Salvator na hakuna aliyemuuliza pete. Waliomkana ni watu waliokula mukimo kwake. Angeweza kwenda kwa wakili, na wakili angemshindia, na Salvator angezikwa na yeye pamoja na wakili. Lakini mtu hazikwi na barua. Anazikwa na watu wake, na Kawira alitaka watu hao wamwone amesimama pale.

Kesho yake aliingia hospitalini amevaa gauni la plastiki na barakoa juu ya barakoa. Salvator alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wao. Kawira hakutaka kumwambia, lakini mtu uliyekaa naye muda ule wote anaisikia hasira yako hata kupitia plastiki. Akamweleza yote.

Salvator alicheka bila sauti. "Bananigawa na sijakufa."

"Nikiiangusha, Lazare ndiye ataamua. Ninaweza kubaki bila chochote."

"Kawira. Weye na mie tuliishi bila karatasi, na nyumba ilisimama." Alipumzika, akavuta pumzi. "Lazare ni mwoga, haiko mubaya. Mwoga akipata sheria anajificha nyuma yake. Umuondolee. Na unisikilize muzuri: usiniache nizikwe na kamati."

Baraza la Wanachama lilikaa Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya mtandaoni. Nyuso zilijaa kurasa mbili za kioo. Mzee Gitonga aliisoma ripoti kwa mkazo wa Kibunge, akakumbusha kwamba hakuna marekebisho, ni ndiyo au hapana, akataka kuingia moja kwa moja kwenye kura.

"Hoja ya nidhamu," Kawira akasema.

Mzee alifumba macho. Hoja ya nidhamu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha, na hawezi kuikataa. "Dakika mbili."

"Zinatosha. Ndugu zangu, sitaki mnionee huruma. Mwenye huruma amletee Salvator, mimi nina nguvu zangu. Nataka mjue mnachopigia kura. Ninyi mlisema kitu kuhusu nafasi ya kwanza, na wazee wakasema kitu hichohicho. Hapakuwa na ugomvi. Kamati haikuitwa hapo. Lakini imeingia, imechimbua mlichokipanda, na imepanda chake. Leo ni mimi. Kesho ni wewe uliyeoa kimila, na ng'ombe wako wamefika kwa wakwe, lakini pasta hakukuona. Kesho kutwa ni wewe uliyeolewa kambini na cheti kikateketea."

Nyuso kadhaa upande wa Wakongomani zilisogea karibu na kamera.

"Mzee anasema nikiangusha mswada huu tutabaki bila sheria, na Lazare ataamua. Sawa. Na aamue. Lazare, unanisikia? Kama hutaki nisimame kwenye kaburi la kaka yako, uniambie wewe, ukinitazama. Usinitumie kifungu. Mimi sitaondolewa kwa aya. Nimemaliza, na sijatumia hata dakika zangu zote."

Kamera ya Lazare ilizimika. Huenda mtandao ulikatika. Huenda sivyo.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko Kawira alivyotarajia, na moyo ukamshuka. Kisha Mzee akaita wa hapana. Kawira akainua wake. Chini kabisa ya kioo mkono mnene wenye bangili ukapanda, wa Cécile, na Cécile akafungua sauti bila kuruhusiwa.

"Mie ndio niliomba baimbaji. Balinipa, na nilikubali, na tangu siku ile sauti haitoke. Donc mie ninasema hapana. Bachukue baimbaji yabo."

Baada yake mikono ikawa inafuatana, Wakenya na Wakongomani, mpaka Mzee Gitonga akaacha kuhesabu kwa kidole na kuanza upya. Mswada wa Watu Kumi ukaanguka.

"Mmebaki bila sheria," Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Mkumbuke ni nani aliyewaacha hivyo."

"Wakumbuke," Kawira akasema. "Jina langu liandikwe vizuri, kwa herufi kubwa."

Salvator alifariki kesho yake, Jumatatu, kabla ya mapambazuko. Kawira aliambiwa wa kwanza, kwa kuwa faili lilisema hivyo, na yeye ndiye aliyempigia Lazare. Waliongea maneno machache. Lazare alilia. Kuhusu mazishi alisema tu kwamba kanisa litapanga. Siku mbili baadaye ujumbe ukaja kwenye kundi la chama: makaburi, saa tano asubuhi, Alhamisi. Hapakuwa na majina. Hakuna aliyemwambia Kawira aje na hakuna aliyemwambia asije. Alipiga pasi gauni jeusi.

Alhamisi palikuwa na upepo wenye baridi ya kukwaruza. Kwenye lango la makaburi alisimama mfanyakazi kijana mwenye jaketi la rangi ya machungwa, mkononi ana kimashine cha kuhesabia. Mbele yake walikuwa wameshajipanga Lazare na mkewe, watoto wao watatu, binamu watatu, pasta, na Mzee Gitonga ndani ya koti refu. Walikuwa kumi kamili. Ng'ambo ya barabara magari yalikuwa yameegeshwa kwa kuachana, watu wameketi ndani na vioo juu, maana polisi walikuwa wamepita mara mbili.

Kawira alishuka garini, akavuka barabara, akawapita wote bila haraka, akasimama mbele ya mstari.

Yule kijana alitazama watu, akatazama kimashine chake. "Sorry, folks. Ten only. Someone's gotta sit this one out."

"Start from me," Kawira akasema.

"And you are?"

"His wife."

Kijana akamtazama Lazare, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye mpango. Lazare akatazama viatu vyake. Kawira akageuka. Alishusha barakoa mpaka kidevuni ili uso wake wote uonekane, na alimtazama shemeji yake wala hakumsaidia kwa neno lolote. Kama atasema hapana, basi aseme. Atalisikia kwa masikio yake na atamjibu.

Mke wa Lazare alimgusa mumewe kiwiko.

Mzee Gitonga akaona ni wajibu wake. "Kwa kuwa mswada ulianguka," alisema kwa sauti ya utaratibu, "na kwa kuwa desturi..."

"Mzee," Lazare akamkatiza. "Kaa kando."

"Nini?"

"Toka ku mustari. Mukubwa yangu alikuwa na bibi. Njo huyu." Sauti yake ilipasuka, akaendelea vivyohivyo. "Nilikuwa naenda kujificha nyuma ya ile karatasi yako. Haiko tena. Sasa nitamwambia nini, na ananiangalia?"

"Lakini mimi nakiwakilisha chama."

"Chama itangojea inje."

Mzee Gitonga alimtazama pasta, na pasta akawa ameona kitu cha maana sana kwenye ukurasa wa Biblia yake. Alimtazama kijana wa lango, na kijana, ambaye hakuelewa hata neno moja ila alielewa yote, akamwonyesha kwa kiganja mahali pa kusimama, pembeni ya pipa la taka. Mzee akaenda. Tusimcheke sana, kule pembeni alivua kofia, na upepo ukampiga utosini muda wote.

Ng'ambo ya barabara kioo cha gari la Cécile kilishuka. Sheria haikumpa nafasi, basi aliimbia hapohapo kwenye usukani, mkanda umemfunga, wimbo wa kwao wa kumsindikiza mtu, na sauti ikavuka barabara na ukuta wa makaburi bila kumwomba mtu ruhusa. Gari la pili likashusha kioo, kisha la tatu.

Kawira alipandisha barakoa yake. Kijana akasogea, akampisha, akabonyeza kimashine.

"One," akasema.